Saa Iliyozamishwa kwa Kidole

Ukiniuliza miji ile miwili inatofautiana nini, nitaanza na inavyofanana, maana kufanana kwake ndiko kunakotia hofu. Yote miwili ina njia kuu moja, inaanzia langoni na kuishia kwenye kisiki. Yote ina kisima cha maji ya magadi. Yote ina mwanamke kiziwi anayeuza sabuni za vipande, na kila mmoja wao aliniambia kwa vidole kwamba hajapata kumwona mwenzake na wala hana haja naye. Mbwa wa huku na mbwa wa huko hubweka kwa zamu, kama waliopatana. Ukisimama katikati ya korongo linalotenga nchi na nchi, Chumani iko kulia kwako na Kifuuni kushoto. Fumba jicho hili, kisha fumba lile, utaapa kwamba umeona mji mmoja tu uliosogea. Kutoka lango hadi lango ni mwendo wa nusu saa kwa miguu yangu ya sasa. Jua lao ni moja. Vivuli vyao huangukia upande mmoja. Lakini Chumani ikiwa saa tisa, Kifuuni ni saa nane.

Nimeuliza sababu kwa miaka arobaini. Chumani husema wakubwa wao, walioko mji mkuu ambao hakuna aliyewahi kuufika, waliamuru nchi yao iamke kabla ya jirani. Kifuuni husema wakubwa wao, walioko mji mkuu wao ambao nao hakuna aliyeufika, walikataa kuamshwa. Basi saa nzima ikabaki korongoni, haina mwenyewe. Hapo ndipo linapoanza swali langu, nalo limenikimbiza kuliko njaa: saa ni ya nani? Ni ya anayeishi ndani yake, au ya anayeitangaza? Mimi nimesoma kwa vipande. Darasa la kwanza nililipata pahali, la tatu pahali pengine, la pili sikulikuta popote. Huenda jibu lilifundishwa la pili.

Chumani saa hupigwa. Kipande cha reli kimening'inizwa kati ya nguzo mbili, na mtu hukaa chini yake na nyundo. Mzaliwa wa Chumani hajawahi kuishika nyundo hiyo. Wanasema saa ni nzito mkononi mwa mtu anayeishi ndani yake. Anayepiga ni mgeni aliyekamatwa. Mgeni yeyote hupewa langoni karatasi yenye saa ya mwisho ya kukaa, na akizidisha hata kidogo huwa wao, hunyang'anywa jina, hupiga chuma mpaka afe. Siku ninayoisimulia, mpigaji wao alikuwa amekufa juzi yake, na mlinda lango, bwana mmoja aitwaye Kasembe, alikuwa akipiga mwenyewe kwa shingo upande.

Kifuuni saa huzama. Kuna karai la shaba limejaa maji, na juu ya maji huelea kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu moja dogo. Maji huingia kidogo kidogo. Kifuu kikishajaa huzama, na kabla hakijagonga chini mkono wa mlinzi hukidaka, hukimwaga, hukirudisha, na mlinzi huita saa. Mlango wa kwanza husikia ukapokeza mlango wa pili, hivyo hivyo mpaka kisikini. Mlinzi, awe nani, huitwa Ngwali. Siku anapoinua kifuu mara ya kwanza jina lake la kuzaliwa humezwa na mji, halitajwi tena, na hatoki Kifuuni kwa zaidi ya mzamo mmoja mpaka mwingine ainue badala yake.

Na saa nane wana mwiko. Ikiitwa nane milango hufungwa, moto huzimwa, watu hulala kivulini mpaka iitwe tisa. Mtu wa Kifuuni akitoka langoni katikati ya saa hiyo, hutolewa midomoni mwa wote. Hapigwi, hafukuzwi. Hatajwi tu. Niliwahi kumwona mmoja, alikuwa akiomba maji katikati ya njia na watu wakipita kama wanaokwepa shimo. Ni Ngwali peke yake aruhusiwaye kutoka saa ile, maana wao husema saa haimfungi anayeifunga.

Kifuuni waliniita Mzee Kiguu, kwa sababu ya kiguu na njia. Chumani waliniita Bwana Tena, kwa sababu nilikuwa nikija tena. Upande mmoja niliandikwa nina miaka sitini na tisa, upande wa pili sitini na minane. Nilikuwa nikiona fahari kwa hilo. Nilijiona kama mtu mwenye nyumba mbili, kumbe nilikuwa na vizingiti viwili tu.

Siku hiyo nilikuwa kwa kinyozi wa Chumani, ambaye pia hung'oa meno. Ngwali akaingia. Shavu lake lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Ngwali huyu alikuwa hajavuka korongo maisha yake yote. Alikuwa akiamini, kama wote wa kwao, kwamba watu wa Chumani hupiga saa yao kwa maringo tu, na kwamba chini ya maringo hayo saa ya kweli ni ile ile ya kwake.

"Kiguu," akasema, "hata huku upo?"

"Hata huku nipo. Umemwachia nani karai?"

"Nimemwachia maji. Nimeita nane, nimekirudisha majini, nimekuja. Nang'oa narudi kabla hakijazama."

"Foleni ni watu watatu."

"Nimepewa mpaka saa kumi." Akanionyesha karatasi, wino haujakauka vizuri. "Kwetu nane ndiyo kwanza imeitwa. Kuna saa mbili hapo, mzee mwenzangu. Kifuu ndicho kinachonikimbiza, si hawa."

Nilisikia. Nilijua kwamba pale tulipokaa tisa ilikuwa imeshapigwa, na kwamba hana saa mbili, ana moja, na kipande cha hiyo ameshakimaliza njiani. Sikumsahihisha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nisingependa kudanganya katika kitabu changu mwenyewe. Nilikuwa nimetembea kati ya saa hizo mbili miaka arobaini, moja huku na moja huko, hazijawahi kugusana. Na sasa amekaa mbele yangu mtu aliyebeba saa ya kwao kichwani ndani ya saa ya wengine, bila kujua. Nilitaka kuona. Ndivyo ilivyokuwa, nilitaka kuona zikigongana, kama mtoto anayeshika mayai mawili. Sikufikiria kwamba ndani ya yai mna mtu.

Chuma kililia koleo likiwa mdomoni mwake. Moja, mbili, tatu. Ngwali akawa anahesabu kwa macho. Tisa. Alitulia pale, akangoja kimya kilichopaswa kufuata. Likaja la kumi. Jino likatoka wakati ule ule, na sijui ni kipi kilichomfanya atoe ule mlio.

Tulimkuta Kasembe langoni na nyundo bado mkononi. Alikuwa mtu mpole. Upole wake ulinitisha kuliko nyundo.

"Karatasi yako inasema kumi," akamwambia Ngwali. "Kumi imepita. Nimeipiga mwenyewe. Una nini cha kusema?"

"Nina jino," Ngwali akasema, akamwonyesha kiganjani.

"Pole. Ni la nyuma hilo, huuma sana." Akalitazama kwa makini. "Keti chini ya reli."

"Mimi namjua," nikadakia. "Huyu ni Ngwali wa Kifuuni."

"Hilo jina la kazi. Nataka jina la mtu."

"Silijui."

"Sheria yetu si mbaya, Bwana Tena. Kabla sijapiga kumi na mbili, aje mtu wa kwao, mwenye usoni jivu wanalopakwa langoni mwao wakitoka, aliyekula naye sahani moja, amtaje kwa jina alilozaliwa nalo. Nitamwachia. Asipokuja, yeye ndiye atakayepiga hiyo kumi na mbili, na mimi nitakwenda kwangu kulala, maana mkono umeniuma siku mbili."

"Nimekula naye sahani moja mimi."

"Wewe umekula sahani za watu wote. Neno lako limechanganyika ladha." Hakusema kwa kejeli. "Halafu, nikuulize, maana siku zote nasahau kukuuliza. Siku ukikamatwa wewe, atakuja nani kukutaja?"

 Nilikumbuka makaburi mawili matatu. 

Ngwali akaniita kutoka chini ya reli. "Mke wangu anajua. Mize. Yeye peke yake." Kisha akapunguza sauti, damu imemjaa kinywani. "Kiguu. Pale kwa kinyozi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei akaiona ni ile aliyoitarajia. "Basi kimbia," akasema.

Sikimbii. Umri haukimbii. Nilitembea kwa hasira. Korongoni, pale katikati ambapo si nchi hii wala ile, kuna jiwe bapa ambalo siku zote nilikuwa nikipumzika juu yake, kwa sababu hapo mtu hana saa, na asiye na saa hadaiwi kitu. Siku hiyo sikukaa. Lakini nilipolipita nilimwona mbele yangu mzee anakata korongo kwa urefu, kuelekea huko chini ambako sijawahi kusikia kwamba kuna mji. Alinipa mgongo. Begani alikuwa na mfuko wa turubai wenye kiraka chekundu. Mfuko wangu nao una kiraka chekundu, nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kamba ya kiatu. Nyuma yake alifuata mwanamke amejifunga kanga kiunoni kikazi. Niliupapasa mfuko wangu: upo. Nikamwita mtu yule kwa jina langu la Kiguu. Hakugeuka. Nikajiambia ni joto, nikaendelea kupanda.

Lango la Kifuuni lilikuwa na mlinzi wake, Pandu, mtu mwenye watoto sita na uso wa mtu anayewahesabu kila wakati. Alikuwa ameketi macho makavu. Nyuma yake mji wote umefungwa, umelala. Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa mapaa, na wao bado wamejifungia jua lililokuwa utosini.

"Saa ngapi?" nikamuuliza, makusudi.

"Nane."

"Tazama kivuli chako, Pandu."

Akakitazama. Kilikuwa kirefu kuliko yeye mara mbili. "Kivuli hakituitii saa," akasema. "Ngwali yuko wapi? Njaa inauma, na moto hauwashwi."

Nikamweleza. Nilieleza kila kitu isipokuwa sehemu yangu, kisha nikaona haitoshi, nikaeleza na sehemu yangu. Hakunitukana. Alinyanyuka akanipeleka kwenye karai, lililo chini ya paa dogo kando ya lango. Maji yalikuwa yametulia kama jicho la samaki. Kifuu kilikuwa chini kabisa, kimekaa kitako.

"Kimegonga bila mkono," Pandu akasema. "Saa hiyo imekufa. Haihesabiwi. Sharti mtu ainue, akirudishe majini upya, na nane ianze tena tangu mwanzo."

Mlango wa nyumba ya jirani na karai ukafunguka nusu. Mize alisimama ndani ya kizingiti, hakukivuka. Mwanamke mkavu, mrefu, mwenye nywele zilizokuwa nyeupe mbele tu.

"Nilisikia kikigonga," akasema. "Miaka thelathini na moja naishi mlango wa pili na karai hilo, sijawahi kusikia kifuu kinagusa shaba. Mkono wake ulikuwa ukifika mbele ya kila kitu. Mbele ya wali. Mbele yangu. Leo nikasikia: ko. Nikajua huyu hayupo duniani au yuko Chumani. Yupi kati ya hayo?"

"Yuko Chumani, Bi Mize. Wanamtaka kwa nyundo. Wewe ukimtaja kwa jina lake kabla ya kumi na mbili yao, watamwachia."

"Nakwenda."

Pandu akasimama mlangoni mwake, mikono wazi kama anayezuia kuku. "Bi Mize, nisikilize. Ukivuka saa nane hutatajwa tena humu. Hilo moja, labda unalimudu. Lakini sitakupaka jivu. Siwezi, mkono wangu hauwezi. Na ukifika huko bila jivu, yule bwana atakuona si mtu wa kokote. Asiye mtu atamtaja vipi mtu?"

"Basi ita tisa unipake."

"Mimi si Ngwali."

"Kuwa."

"Nina watoto sita na shamba la mihogo nje ya lango hili. Nikiinua hicho kifuu sitaliona shamba hilo ila kwa juu ya ukuta. Wewe unajua kuliko mimi, mama. Unajua kinavyomla mtu."

"Najua," Mize akasema. "Nimelala na makombo yake."

Kutoka ng'ambo ya korongo, chuma kikalia. Sote watatu tulihesabu bila kusogeza midomo. Kumi na moja. Imebaki saa moja, na nusu yake ni ya njia.

Nikasema, nitainua mimi.

Lilitoka kama neno la mtu mwingine. Pandu akanitazama miguu, si uso. Mize naye akanitazama miguu. Na mimi nikaitazama: viatu vya matairi, kisigino kimoja kimeliwa upande, vumbi la nchi mbili. Miguu hii ilinitoa nyumbani nikiwa na miaka kumi na saba kwa sababu ya kofi moja. Ilinipitisha kwenye miji ambayo majina yake nimeyasahau, kwa wanawake wawili ambao hawakusahau. Sijawahi kuona mvua ya masika mara mbili mahali pamoja. Watu husema mzururaji hana kwao. Si kweli. Ana kwao, ni mbele kidogo tu.

Nilitaka kuona saa mbili zikigongana. Zimegongana, na katikati yake kuna mtu mwenye shavu lililovimba ananiambia kimbia.

Nikatia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kifuu kilikuwa chepesi mno, kitu cha kutupwa, cha kuchotea unga. Nikakiinua, nikakimwaga. Pandu akasema taratibu, bila furaha wala huzuni, "Ngwali," kama mtu anayesoma kibao. Nikakirudisha majini. Kikatulia juu ya maji, na tunduni ukaanza kuingia uzi mmoja mwembamba, mwembamba hata nikadhani hauingizi kitu.

Ndipo nilipoelewa. Mzamo ni saa nzima. Kikizama chenyewe, Chumani watakuwa wanapiga kumi na mbili, na Mize atakuwa bado anafungiwa kizingiti hapa. Nilikuwa nimetoa miguu yangu bure.

Wote wawili walikuwa wameelewa kabla yangu. 

Nitazame maji. Uzi. Kifuu kinazunguka kidogo, kinarudi. Nani aliyesema maji yaingie kwa tundu hili na si kubwa zaidi? Mtu. Mtu mwenye msumari. Alikuwa na haraka siku hiyo, au alikuwa amechoka, akatoboa hivi, na tangu hapo watu wanazaliwa na kufa kwa upana wa msumari wake. Na kule mtu mwingine kwa nyundo. Na huko miji mikuu isiyofikika, mtu mwingine kwa neno. Saa ni ya nani. Nauliza, na jibu limekaa mkononi mwangu, lina kucha chafu, ni kidole.

"Pandu," nikasema.

"Mimi natazama ukuta huu," Pandu akasema, akatugeuzia kisogo. "Una ufa. Sikuwahi kuuona. Ufa mkubwa sana."

Niliweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa kifuu, nikabonyeza.

Kilikataa kwanza. Wallahi kilikataa, kilinisukuma kama kitu chenye mgongo. Kisha maji yakaruka ukingo yakaingia kwa pamoja, na saa nzima ya watu mia nne ikapita chini ya kucha yangu kwa muda wa kupiga chafya. Nikakidaka kabla hakijagonga. Nikakirudisha tena. Nikaita: saa tisa.

Sauti ikapokewa mlango wa kwanza, wa pili, ikashuka mpaka kisikini. Pandu akageuka, akachovya kidole kwenye jivu, akampaka Mize kwenye paji la uso. Mize akajifunga kanga kiunoni, akavuka kizingiti. Hakuniambia asante. Mwanamke wa miaka sitini, alishuka korongoni mbio kama mwenye kuitwa.

Sasa milango ikafunguka, na watu wa Kifuuni wakatoka. Sijawahi kuona sura kama zile. Walikuwa kama watu waliokatizwa katikati ya neno. Mama mmoja alijipapasa mwilini akasema, "Nimepungukiwa na kitu, sijui kitu gani." Watoto wachanga hawakulia, walikuwa wakikodoa macho tu. Mzee mmoja wa huko, Shekue, msuka mikeka, alikuja mpaka ukingoni mwa karai akasimama.

"Ngwali mpya," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuwa naota. Mama yangu amekaa kitandani, ana jambo la kuniambia. Tangu afe ni mara ya kwanza ananijia. Amefungua mdomo. Ukaita tisa."

"Pole, mzee wangu."

"Ile iliyokufa hatuihesabu. Saa ya leo fupi," akasema. Akanitazama mkono wa kulia. Kidole kilikuwa kikidondosha maji. Vingine vyote vilikuwa vimekauka. Pandu akaanza kufagia palipofagiwa. Shekue akangoja kitambo, kama aliyemngojea mama yake amalize kupitia mdomo wangu, kisha akaenda zake kuwasha moto.

Nikabaki na kifuu. Hiki cha pili sikukigusa. Nilikaa kwenye benchi la mlinzi nikitazama uzi ule wa maji, masikio yamekwenda Chumani. Kikalia. Moja. Mbili. Nilikuwa nasikiliza mkono, si idadi. Mkono wa Kasembe una haraka ya mtu anayetaka kwenda kwake. Tano. Sita. Haraka hiyo hiyo. Saba. La nane likakawia. Kukawia kwa nini? Mkono mgeni hukawia, hauujui uzito wa nyundo. Lakini mkono uliochoka siku mbili nao hukawia. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Sikujua. Niliyekuwa nikijivunia kuijua miji yote miwili, sikuweza kujua pigo la nyundo moja lilitoka mkono wa nani. Kifuu kikazama, nikakidaka, nikaita kumi, nikakirudisha.

Wakaja wawili.

Nilimtambua kwanza kwa shavu. Mize alikuwa mbele, jivu limechirizika kwa jasho mpaka nyusi. Wakafika langoni, na Ngwali akasimama nje. Hakuingia. Aliweka vidole vya miguu sawasawa na mstari wa kizingiti kama anayepimwa.

"Alikuwa ameshashikishwa nyundo," Mize akasema. "Ameiinua mpaka hapa. Nikamtaja. Mwenyewe alishtuka kuliko yule bwana. Hakuwa amelisikia tangu tuoane."

"Njoo ulichukue karai lako," nikamwambia mumewe. "Nimekushikia tu."

"Hilo halishikiwi, Kiguu."

"Nimeinua kwa ajili yako."

"Najua. Nami ningeingia kwa ajili yako." Akaugusa mdomo, akatema damu kando kwa adabu. "Lakini nimesikia jina langu leo, ndugu yangu. Niko nje nalo. Nikivuka hapa litamezwa tena. Na wewe ulikuwa unajua, pale kwa kinyozi."

Nikamtazama Pandu. "Sheria inasemaje?"

"Aliyeinua ndiye Ngwali," Pandu akasema. "Huyu ni mtu tu. Aende anakotaka."

"Nipe mfuko," aliyekuwa Ngwali akasema. "Sina hata wa kuwekea jino."

 Nikauvua begani, ule wa turubai wenye kiraka chekundu, nikamrushia juu ya kizingiti. Aliuvaa vibaya, upande usio wake. Nikamwelekeza. Akaanza kushuka.

Mize hakumfuata mara moja. Alisimama akinitazama kama mtu anayetafuta alikoweka ufunguo.

"Wewe uliitwa nani?" akauliza. "Zamani. Kabla ya Kiguu."

Ilibidi nitafute. Lilikuwa chini sana, limekaa kitako. Nikalipata, nikamwambia. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akalifunga mdomoni, akageuka, akaenda.

Niliwaona wakifika kwenye jiwe bapa. Hawakushika njia ya Chumani. Walikata korongo kwa urefu, yeye mbele na mfuko, mkewe nyuma na kanga kiunoni, wakielekea huko ambako sijawahi kusikia kwamba kuna mji. Mgongo ule nilikuwa nimeshauona. Sikuwaita safari hii.

Jua lilikuwa linazama, na Kifuuni hata kumi na moja ilikuwa haijaitwa. Watu walikusanyika kuzunguka karai, vyungu vimechemka, taa mkononi, wasijue kama waziwashe. Kwao taa haiwashwi kabla ya kumi na mbili. Walinitazama. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakakitazama kidole changu. Nikajua kwamba Shekue amesema, au hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Ngwali," akasema yule mama aliyepungukiwa. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Giza linaingia, baba. Kidogo tu. Tusogezee kidogo tu."

"Tusogezee," wakasema wengine.

Kifuu kilikuwa kimejaa nusu. Uzi wa maji ulikuwa ukiingia kama ulivyoagizwa na yule mtu wa msumari. Shekue alikuwa nyuma ya wote, hajasema kitu, amefumba macho, mdomo wazi kidogo.

Niliuweka mkono wangu wa kulia juu ya benchi, nikaukalia.